Kioo Juu ya Kioo

Jumanne, 4 Machi

Mvua zimeanza. Sikuhitaji kutazama juu kujua, nimetazama chini. Paa la wodi limeanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya mizani, na leo wagonjwa wamepima uzito huku nimewashikia mwavuli. Mmoja ameuliza kama mwavuli nao unahesabiwa. Nimecheka. Miguu haikucheka.

Binti yangu anasema nikirudi kazini nalalamika mpaka chakula kinapoa. Basi kuanzia leo nitalalamikia humu, mezani nile kwa amani.

Alhamisi, 6 Machi

Jaji amekuja na kitu kipya.

Si jaji wa kweli. Alikuwa mkalimani mahakamani, miaka na miaka akiyabeba maneno ya watu wengine, mpaka akastaafu, na figo zake zikastaafu nyuma yake. Wagonjwa wenzake wamempa jina hilo kwa sababu hukumu zake hazina rufaa. Chai ya kantini ni maji yaliyotishwa na majani. Daktari mpya ana mwandiko wa mtu anayekimbizwa na nyuki. Akishasema, limesemwa.

Huja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kama wenzake wa zamu yake, kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Kiti chake kiko dirishani. Mkono wa kushoto ukishaingia sindano haupaswi kutikisika mpaka mashine imalize, na mashine haina haraka: ukianza asubuhi unamaliza watu wako mezani wanakula cha mchana. Kila anachotaka kufanya, anakifanya kwa mkono mmoja uliobaki. Vitabu vya karatasi vilikuwa vinamshinda. Vinajifunga, vinateleza, vinaanguka, naokota. Nimeviokota mpaka kiuno changu kinavijua kwa majina.

Sasa binti yake aliye ng'ambo amemtumia kisomeo. Nilidhani ni simu kubwa. Si simu. Kioo chake hakiwaki. Ni cha kijivu kama gazeti, herufi zimetulia kama zilizochapwa, na ndani yake, anasema, kuna kabati zima la vitabu. Kugeuza ukurasa unagusa tu ukingoni. Kidole kimoja, basi.

"Sista," ameniambia, maana wote huniita hivyo, "leo nakupa likizo. Sitakuita."

Na kweli hakuniita. Kabla ya saa ya chai alikuwa anawasomea wenzake kwa sauti, riwaya ndefu ya mjane mmoja na shemeji zake wanaogombania kinu cha unga. Yule dereva wa malori anayekaa kiti cha pili, ambaye kawaida hulala mdomo wazi, amekaa macho mpaka mwisho.

Jumamosi, 8 Machi

Matroni amekiona.

Matroni ndiye mkuu wa kitengo chetu. Hutembea bila sauti, na ukiona ameweka mikono nyuma ujue ameshaona kosa. Amesimama mbele ya kiti cha Jaji, mikono nyuma.

"Mzee, hiki kinalala wapi?"

"Kitandani kwangu, upande wa marehemu mke wangu. Hakikoromi."

Dereva ameangua kicheko. Matroni wala.

"Kinatoka kitandani kinakuja kwenye damu, kinatoka kwenye damu kinarudi kitandani. Nani anakifuta? Ukikipaka spiriti kila siku kioo chake kitachubuka. Usipokipaka, hakiingii hapa. Kiwekewe protekta ya glasi, tufute protekta."

Wodi nzima ikageuka bunge. Mama Maua, anayeuza maua sokoni na anayekaa kiti cha tatu, amesema kioo bila protekta ya glasi ni kama kutoka nyumbani bila gauni la ndani: huenda hakuna atakayejua, lakini mwenyewe utajua. Dereva akasema simu yake ina protekta tatu, moja juu ya mwenzake, zote zimepasuka, na kioo cha chini hakijui hata kama nje kumekucha. Jaji amesikiliza pande zote.

"Simu inakaa mfukoni na funguo," akasema. "Hiki kinakaa mkononi mwa mzee aliyefungwa kitini. Nani atakikwaruza? Hata hivyo," akamgeukia Matroni, "mahakama ndogo inatii amri ya mahakama kuu."

Nani ametumwa kwenda kuweka protekta? Mimi. Bila shaka mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Siku yangu ya mapumziko, na nimeitumia kwa fundi simu aliye mkabala na lango la hospitali. Amekigeuza kisomeo huku na huku, akakigonga kwa ukucha.

"Dada, hii si simu. Kioo hiki kimefanywa butu makusudi, kisimeremete. Ukikipandishia glasi unakirudisha kuwa kioo cha kujitazamia."

"Sijaja kuuliza, fundi. Nimetumwa."

"Na tena mikwaruzo haikiui. Kinachokiua ni kubanwa. Tafuta kava gumu."

"Unalo?"

"Sina."

"Glasi unayo?"

"Ninayo."

"Basi weka glasi."

Ametafuta glasi ya tableti inayolingana, akaipuliza, akaibandika bila kiputo hata kimoja. Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka soksi.

Jumanne, 11 Machi

Matroni amekifuta mwenyewe kwa spiriti, akakiinua kwenye taa, akaitikia kwa kichwa. Sijawahi kumwona akiridhika. Ilidumu kidogo tu.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mashine ya kiti cha nne imegoma. Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Taa ndefu za darini zinaanguka moja kwa moja kwenye ile glasi. Jaji ameinamisha shingo kulia, kushoto, akaomba mto, akaomba mto mwingine. "Najiona mwenyewe kila mstari," amesema. "Uso huu nimeshausoma. Mwisho wake naujua."

Kibaya zaidi ni kidole. Kidole cha Jaji ni cha mtu ambaye figo zake zilikwisha zamani: kikavu, cha baridi, ncha imekufa ganzi. Kioo cha mwanzo kilikuwa kinakisikia. Hiki cha juu hakikisikii. Anagusa, hakuna kitu. Anabonyeza, hakuna kitu. Anabonyeza kwa hasira, kinaruka kurasa tatu na mjane ameshahamia nyumba nyingine.

"Sista, nigeuzie."

Nimemgeuzia. Ameongeza ukubwa wa herufi kwa ajili ya macho, kwa hiyo ukurasa mmoja ni kama aya mbili. Nikifika kiti cha tano nasikia tena: "Sista, samahani."

Alhamisi, 20 Machi

Nimegeuza kurasa, nimechoma sindano, nimegeuza kurasa, nimezima kengele, nimegeuza kurasa. Mwenzangu wa zamu ana homa, kwa hiyo niko peke yangu na viti sita. Jaji ameniita nikiwa nimemshika Mama Maua anatapika. Nimemjibu, "Mzee, subiri!" kwa sauti ambayo nisingependa mama yangu aisikie.

Amesubiri.

Jumamosi, 22 Machi

Leo Jaji ameniita mara moja tu, kuomba mto. Nimeshukuru kimoyomoyo.

Jumanne, 25 Machi

Leo hakuniita kabisa. Nimekunywa chai ingali na moshi.

Jumatano, 26 Machi

Ndoo mbili sebuleni kwangu, moja jikoni. Mume wangu anasema nyumba imeota mto, bado samaki tu. Nimelala nikiwa nimevaa viatu.

Jumamosi, 29 Machi

Dereva ameuliza, "Jaji, mjane wetu amefika wapi? Siku hizi unasoma kwa uchoyo."

"Amelala," amejibu Jaji. "Mwacheni apumzike. Ameteseka sana."

Wamecheka. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake nabadilisha mfuko wa maji ya chumvi, nikaona ukurasa. Mjane anapepeta unga, mbwa wa jirani anabweka. Mstari huo ninaukumbuka, kwa sababu ni mimi niliyemgeuzia, siku ile nilipompigia kelele asubiri.

Hajasoma neno tangu siku ile. Amekuwa akikishika mkononi asubuhi nzima, macho yamekodolewa, ili nisije.

Na mimi nilikuwa nafurahia chai.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemfuata Matroni ofisini.

"Matroni, ile glasi tuitoe."

"Hapana."

"Mzee hasomi tena."

"Mzee anaishi, Sista. Hiyo ndiyo kazi yetu."

"Anaishi kutazama nini? Dari?"

Ameinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Nilidhani ataniwakia. Amesema tu, polepole, "Nimekataa," kisha akainama tena. Ana moyo wa chuma cha pua, yule mwanamke. Unaufuta kwa spiriti unang'aa, na hakuna kinachoshika.

Alhamisi, 3 Aprili

Jaji amekuja amevimba miguu. Hakutania hata chai. Nilipomaliza kumfunga bandeji mkononi, amesimama, akavaa koti, akatoka bila kuaga. Kisomeo kimebaki kitini. Nimemkimbilia mpaka mlangoni nacho.

"Baba, umesahau."

"Sijasahau. Kaa nacho. Mpe atakayekiweza."

Nimesema, "Jumamosi tutaonana." Ameniangalia kwa upole, namna unavyomwangalia mtoto aliyekuuliza jambo mbele ya wageni.

Jumamosi, 5 Aprili

Hajaja.

Daraja la chini limefunikwa na maji. Dereva amefika amekunja suruali mpaka magotini, Mama Maua amebebwa mgongoni na mwanawe. Wote wamefika ila yeye. Nimepiga simu, ikaita, ikaita, ikakatika. Nimepiga tena wakati wa chai. Ameipokea.

"Sista, mimi mzima. Nimepumzika tu."

"Unapumzika kutoka kwa nini, baba?"

"Kutoka kwenu."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu akikata tamaa kwa hasira unaweza kumbishia. Huyu alikuwa na sauti ya mtu aliyefunga duka vizuri, akafagia, akaweka viti juu ya meza.

Nimemwambia Matroni. Ametazama kile kiti cha dirishani muda mrefu, akasema, "Asipokuja Jumanne, hali itakuwa mbaya." Kana kwamba sijui.

Jumatatu, 7 Aprili

Niandike haya kabla usingizi haujanishinda.

Leo nilikuwa sina zamu. Asubuhi nimekipeleka kisomeo kwa fundi, nikamwambia toa glasi. Hakuniambia "si nilikwambia", na kwa hilo nitampelekea simu zangu zote maisha yangu yote. Amepasha joto kingo zake, akapitisha uzi chini yake, ikatoka nzima. Kioo cha chini kilikuwa safi kama kilivyozaliwa. Nikagusa. Ukurasa ukageuka.

Nikakitia mkobani, katikati ya kopo la chakula na mwavuli mdogo, nikaanza safari. Nyumba ya Jaji iko ng'ambo ya daraja la chini. Maji yalikuwa yamepungua, lakini bado yalipita juu ya barabara, na watu walikuwa wanavuka kwa mstari, wameshikana mabega. Nimeukumbatia mkoba kifuani kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayevuka na mtoto mchanga. Niliogopa usilowe. Hofu yangu yote ilikuwa maji.

Amenifungulia mlango mwenyewe. Vyumba viwili, safi, vitabu vimepangwa mpaka juu ya friji. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi, na viatu vyake vilikuwa havifungiki kwa uvimbe.

"Umekuja na mvua yote hii?"

"Nimekuletea kisomeo chako. Nimetoa ile glasi. Sasa kitakusikia."

Nikafungua mkoba. Nikakitoa. Nikakiwasha.

Sehemu yote ya juu, karibu nusu ya kioo, ilikuwa imejaa mistari myeusi na baka la kijivu kama wino uliomwagika. Nje hakina hata mkwaruzo. Ndani kimevunjika. Kopo la chakula lilikuwa limekibana tangu darajani, na aliyekuwa analibana ni mimi, kwa mapenzi yote.

Nimekaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa, na nguo zangu zinachuruzika, nikaanza kulia kama mtu aliyefiwa. Sikuwa nalilia kioo. Nilikuwa nalilia miguu yangu, na paa, na viti sita, na "Mzee, subiri".

Jaji amekitazama kisomeo. Kisha ameanza kucheka. Amecheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikasimama kumshika.

"Kaa," amesema. "Kaa chini. Sasa tumelingana mimi na hiki. Nusu inafanya kazi."

"Baba, nisamehe."

"Wewe umekuja kwa ajili ya kioo, au kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

"Basi sikiliza, maana sitarudia, pumzi haitoshi." Amejishusha taratibu kwenye ukingo wa kitanda. "Miaka yote nilikuwa mtu wa lugha. Nikifika kwenu, Sista, napimwa. Nachomwa. Nafungwa, nafunguliwa, napanguswa. Nasemwa nikiwa hapohapo: huyu amepanda, huyu ameshuka. Mimi mzima nimegeuka kauli ya kutendwa. Ule ukurasa ndio uliokuwa kitenzi changu. Kugeuza. Kitenzi kimoja, kwa kidole kimoja. Mkakiwekea glasi, nikawa nageuziwa. Nikakuona unavyokimbia. Nikasema, basi, hata hiki kimekwenda."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini? Ungekimbia zaidi."

Kweli ningekimbia zaidi.

Nilitaka kumwambia mambo mengi: kuhusu maji yanayojaa mapafuni, kuhusu moyo, kuhusu Jumanne. Nilikuwa nayapanga kichwani. Nadhani nilifumba macho ili niyapange vizuri.

Nimeamshwa na harufu ya chai. Nilikuwa nimefunikwa blanketi mpaka shingoni, na viatu vyangu vilivyolowa vimewekwa mlangoni, soli juu. Jaji alikuwa amesimama mbele yangu na kikombe, anahema, anatetemeka kidogo, amesimama hata hivyo.

"Unakoroma kama jenereta," amesema. "Nimekufunika. Nimekuvua viatu. Nimekuchemshia chai. Vitenzi vitatu mfululizo. Sijui lini mara ya mwisho."

Tumekunywa. Kisha amesema atakuja kesho, kwa masharti. Sindano ikitoka, pamba ataishika mwenyewe. Mizani ataisoma mwenyewe, na yeye ndiye atakayetutajia, si sisi kumtajia yeye. Na akichoka tena, kuchoka kwa kweli, atasema, na hatutajifanya hatukusikia.

Nimeyakubali yote, hata yale ambayo sina mamlaka nayo.

Jumanne, 8 Aprili

Amekuja. Dereva amempigia makofi kwa mkono mmoja, kwa kujipiga paja.

Tumetoa maji mengi mwilini mwake, polepole, kwa hofu. Mchana alianza kuhema kama binadamu.

Kisha nikaingia kwa Matroni kukiri: nimetoa glasi bila ruhusa, nimetoa mali ya mgonjwa wodini, nimeivunja, na nimeahidi mambo. Nimesema yote kwa pumzi moja, nikasubiri.

Amenyanyuka akafunga mlango.

"Hospitali niliyokuwa kabla ya hapa," amesema, "homa ya ini ilipita viti vyote. Kiti kwa kiti. Walikuja kusafishwa damu, wakaondoka na ugonjwa mwingine. Tulikagua sindano, tulikagua mashine, tulikagua mikono yetu. Mpaka leo hakuna ajuaye ilipitia kwenye nini. Huenda kitu kidogo tu, kitu ambacho mtu alimpa mwenzake kwa wema. Wengine wao niliwafunga sanda kwa mikono hii. Tangu hapo nikiona kitu kinatoka mkono huu kwenda mkono ule, sioni kitu. Naona wale."

Miaka yote hii nimefanya kazi na huyu mama na sikuwahi kumuuliza ametoka wapi.

"Nilipaswa kukusikiliza wiki ile," akaendelea. "Nilikuwa nimechoka, Sista. Mtu akichoka anashika sheria iliyo karibu na mkono wake."

Ametoka, akaenda stoo, akaja mpaka kiti cha Jaji na pakiti ya mifuko laini ya plastiki inayoonyesha ndani, ile tunayotilia vifaa vidogo. Amekifuta kisomeo kwa kitambaa kikavu, akakiingiza kwenye mfuko mmoja, akaunyoosha kwa viganja mpaka ukalala bila mkunjo. Akampa Jaji.

"Gusa."

Jaji amegusa kwa kidole chake kikavu. Ukurasa umegeuka.

"Kila ukija, mfuko mpya," amesema Matroni. "Ukiondoka unatupwa. Na hizi pamba unazotaka kushika mwenyewe: glovu kwanza. Nipe mkono nikuonyeshe unavyobana. Hapana, si hivyo, utajimwagia. Hivi."

Nimesimama nikitazama vichwa vyao viwili vyeupe vimeinama juu ya pamba moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama Maua amekishonea kisomeo mfuko wa kitambaa kizito, na ndani yake vibao viwili vyembamba, mbele na nyuma. Fundi simu alisema kava gumu. Hili linaweza kuzuia risasi. "Mimi nilisema protekta," ananikumbusha. "Sikusema glasi." Alisema glasi. Nimemwacha.

Jumamosi, 12 Aprili

Mistari ya juu ya kila ukurasa imekufa; iliyobaki hai ni ya chini. Jaji amesoma hivyohivyo. Akifika juu ya ukurasa anasema, "Hapa pana giza," na wenzake wanajaza. Dereva kila mara anaweka ugomvi. Mama Maua kila mara anaweka mapenzi. Mgonjwa wa kiti cha tano, ambaye hajawahi kusema neno zaidi ya "naam", leo ameweka kifo cha ng'ombe, na kilitosha kabisa.

Binti wa Jaji ameahidi kutuma kingine. Jaji amemjibu asiharakishe.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku mbaya. Shinikizo la damu la Jaji limeshuka ghafla, akapoteza fahamu kidogo. Tumeinua miguu yake, tumerudisha maji, amerudi. Matroni alikuwa amefika kabla sijaita. Jaji alipofumbua macho amesema, "Nani aliniondoa kwenye ukurasa?" Hakuna aliyecheka. Mimi nimecheka baadaye, chooni, peke yangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimechoka. Sina kingine cha kuandika.

Jumanne, 29 Aprili

Leo Jaji amesema amechoka. Amesema kwa sauti, kama tulivyokubaliana. Nimemwuliza, kuchoka kwa leo au kuchoka kwa kweli? Amefikiri. "Kwa leo," amesema. Tumekatisha mapema kidogo kwa idhini ya daktari. Amejipima, ametutajia uzito, amejibana pamba, ameondoka. Nimegundua kwamba kwa kiti hicho kimoja sikukimbia.

Jumamosi, 10 Mei

Jua limetoka tangu asubuhi. Fundi wa paa amekuja, akatazama juu, akasema mvua zikiisha ndiyo wakati mzuri wa kuziba. Nimemtolea macho tu.

Wamefika mahali pakubwa kwenye riwaya. Shemeji mkubwa amekuja na watu wake kumnyang'anya mjane kinu. Ukurasa ukaisha. Jaji akagusa, ukageuka, na juu pakawa giza. Kwenye mistari hai chini, shemeji anavua kofia, anawaambia watu wake warudi nyumbani, na yeye mwenyewe anabaki amesimama uani kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

"Hapa katikati mjane amesema neno," akasema Jaji. "Neno gani?"

Dereva akasema amemtukana mama yake. Jaji akakataa, aliyetukanwa havui kofia. Mama Maua akasema amemwambia anampenda. Wodi nzima ikampigia kelele. Kiti cha tano akasema amemwonyesha kaburi la ng'ombe. Wakabishana mpaka mashine mbili zikaanza kupiga kengele kwa sababu watu wanatikisa mikono.

Nilikuwa nazizima kengele nilipomwona Matroni mlangoni. Mikono haikuwa nyuma. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango, kiatu kimoja amekivua, anausugua mguu kwa mguu.

"Amemwambia, 'Kichukue. Nimechoka,'" amesema.

Mikono yote ikarudi kwenye viti.

Jaji amemtazama muda mrefu. "Imeandikwa hivyo," amesema, kisha akanyanyua kidole, akageuza ukurasa, akaendelea kusoma.

Kulikuwa na kigoda karibu na dirisha. Nimekivuta, nikakisogeza mpaka mlangoni kwa Matroni. Amekitazama kama hajawahi kuona kigoda. Amekaa. Nami nikakaa sakafuni pembeni yake, mgongo ukutani, mpaka mjane alipofunga kinu kwa siku hiyo na mashine ya kwanza ikaanza kulia kwamba imemaliza.